Skramu na Gharama ya Kusema Ukweli Kazini

Mwaka 1995 Ken Schwaber, mmoja wa waanzilishi wa Skramu, njia ya timu kutengeneza programu kwa vipindi vifupi, alikwenda katika kituo cha utafiti cha kampuni ya kemikali ya DuPont, jimbo la Delaware nchini Marekani, akiwa na makabrasha ya mbinu za kusimamia utengenezaji wa programu za kompyuta. Wateja wake walizitumia mbinu hizo. Katika kampuni yake mwenyewe hazikufaa, na alitaka kujua sababu. Akawaendea wataalamu wa udhibiti wa michakato ya viwandani, watu ambao kazi yao ni kuhakikisha mtambo wa kemikali unaendelea kufanya kazi bila kuharibu mali wala kuua mtu. Aliyewaongoza ni Babatunde Ogunnaike, mhandisi kutoka Nigeria.

Walimwambia kuna michakato inayofahamika mwanzo hadi mwisho. Ukiingiza malighafi ileile kwa kipimo kilekile, unapata kitu kilekile leo na kesho, kwa hiyo unaweza kuiandikia utaratibu na kuufuata. Kuna mingine ambayo mambo hubadilika ndani yake kwa namna isiyotabirika kikamilifu. Hiyo haiendeshwi kwa mpango uliofungwa. Unapima mara kwa mara, na unarekebisha kufuata kipimo ungali na nafasi ya kurekebisha. Kilichowashangaza ni kwamba utengenezaji wa programu uko wazi katika kundi la pili, lakini makampuni yalikuwa yakiusimamia kana kwamba uko katika la kwanza.

Namtaja Ogunnaike mapema kwa makusudi. Alisoma Chuo Kikuu cha Lagos, akapata uzamivu wake Wisconsin mwaka 1981, na mwaka 1994 kikatoka kitabu cha udhibiti wa michakato alichoandika pamoja na W. Harmon Ray. Baadaye akawa mkuu wa kitivo cha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Delaware. Ni mmoja wa watu watano ambao maneno yao yaliunganishwa kuwa wimbo wa taifa wa Nigeria wa mwaka 1978. Alifariki 2022. Katika kozi za Skramu sijawahi kusikia jina lake likitajwa, na hilo linaniuma, kwa sababu jina likiachwa na hoja yake huachwa.

Na hoja hiyo ndiyo tunayoihitaji zaidi sisi tulio ughaibuni. Wengi wetu Ulaya na Marekani Kaskazini tumeingia katika kazi za teknolojia kwa mlango huu: kozi ya siku mbili, mtihani, cheti, kisha usaili wa kazi ya Skramu Masta (anayeisaidia timu kufanya Skramu vizuri) au mchambuzi wa biashara. Ni mlango halali na umelisha familia nyingi hapa na nyumbani. Lakini kozi fupi hufundisha majina ya vikao na muda wake. Swali ambalo vikao viliundwa kulijibu hupitiwa juujuu.

Historia ya Skramu yenyewe haina mambo mengi. Mwaka 1986 Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka waliandika katika Harvard Business Review kuhusu makampuni kama Honda, Canon, Fuji-Xerox na NEC. Waliona kuwa bidhaa mpya zilizofanikiwa hazikupita kutoka idara hadi idara kama kijiti cha mbio za kupokezana. Timu moja ilisonga na kazi nzima, ikipasiana mpira kama wachezaji wa raga, na huko ndiko jina la Skramu lilikotoka. Mwaka 1993 Jeff Sutherland, aliyewahi kuwa rubani wa ndege za upelelezi katika vita vya Vietnam, aliunda timu ya kwanza ya aina hii katika kampuni ya Easel akiwa na John Scumniotales na Jeff McKenna. Kikao cha kila siku walikipata kwa kusoma utafiti wa Jim Coplien kuhusu timu ya Borland iliyokuwa ikitengeneza programu ya hesabu kwa kasi isiyo ya kawaida. Sutherland na Schwaber wakaiwasilisha Skramu hadharani mwaka 1995 katika mkutano wa OOPSLA mjini Austin. Mwaka 2001 walikuwa miongoni mwa watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, na kutoa tamko la ajaili, yaani utengenezaji wa programu kwa wepesi wa kubadilika. Mwongozo rasmi wa Skramu ulitoka 2010, na toleo la Novemba 2020 ni kurasa chache tu.

Ukiusoma mwongozo huo utaona kila kitu kimesimama juu ya nguzo tatu: uwazi, ukaguzi na urekebishaji. Kila kikao ni nafasi ya kukagua kitu na kurekebisha kitu. Na mpangilio wake una maana: bila uwazi, ukaguzi unakagua kitu cha uongo, na marekebisho yatakayofuata yatakuwa mabaya kuliko kutofanya lolote.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa FBI, kwa sababu mkaguzi wa serikali aliandika ripoti nyingi juu yake na yeyote anaweza kuzisoma. Shirika hilo lilitaka kuacha majalada ya karatasi. Mradi wa kwanza, Virtual Case File, uliachwa mwaka 2005 baada ya kugharimu takribani dola milioni 170. Mwaka 2006 ukaanza mwingine, Sentinel, ambao bajeti yake ilifikia dola milioni 451, kwa mpango wa awamu nne na nyaraka za kina kwa kila awamu. Kufikia Agosti 2010 dola milioni 405 zilikuwa zimekwisha na awamu mbili tu kati ya nne zilikuwa zimekabidhiwa.

FBI wakauchukua mradi mikononi mwao. Wakapunguza watu na kuanza kufanya kazi kwa sprinti, yaani vipindi vifupi vya kazi, vya wiki mbili, na mwisho wa kila sprinti walionyesha mfumo ukifanya kazi. Oktoba 2011 waliwapa mfumo watumiaji halisi waujaribu kwa pamoja, nao ukazimika mara mbili. Ikaonekana kuwa mashine zilizokuwepo hazikuweza kubeba mzigo. Tarehe ya kumaliza ikasogezwa mbele, mashine zikaongezwa, na Julai 2012 Sentinel ikaanza kutumika nchi nzima.

Watu hupenda kusimulia kisa hiki kama ushindi wa kasi. Mimi nautazama mwezi ule wa Oktoba. Mfumo ulizimika mbele ya watumiaji, jambo la aibu kwa timu yoyote, na tatizo likajulikana wakati bado linatibika. Katika Virtual Case File na katika miaka ya kwanza ya Sentinel habari mbaya zilichelewa kufika kwa wenye uwezo wa kuamua, na zilipofika fedha zilikuwa zimekwenda.

Basi anayesaidia timu kufanya Skramu vizuri ana kazi moja iliyo juu ya nyingine zote: kupunguza gharama ya kusema ukweli mapema. Nasema gharama kwa sababu hailipwi sawasawa na watu wote.

Mchukue kijana wa Kitanzania au Kikongo aliyeajiriwa Marekani kwa viza ya H-1B. Viza hiyo imefungwa kwa mwajiri. Akipoteza kazi, kanuni humpa hadi siku 60 kutafuta mwajiri mwingine, kubadili hadhi yake au kuondoka. Ana kodi ya nyumba, ana ada za wadogo zake nyumbani. Asubuhi anasimama kwenye kikao cha dakika 15, meneja yupo anasikiliza, naye amekwama siku ya tatu kwenye kazi aliyodhani ingemchukua nusu siku. Atasema nini? Atasema inaendelea vizuri. Mwenzake mzawa, mwenye akiba benki na nchi isiyomwuliza makaratasi, atasema amekwama na kuomba msaada kwa sauti ya kawaida kabisa.

Ongeza malezi. Wengi wetu tumelelewa kuwa mdogo hambishii mkubwa mbele ya watu, na kwamba udhaifu wa nyumba hautolewi nje. Ni heshima ya kweli na sitaki tuitupe. Lakini katika timu ya aina hii hufanya kipimo kisome vibaya, na kiongozi asiyeijua atadhani mtu wake hana la kusema.

Mwaka 2016 mwongozo uliongezewa maadili matano: kujitoa, umakini, uwazi, heshima na ujasiri. Makocha wengi huyabandika ukutani na kuwahimiza watu wawe jasiri. Naona hapo wanamtwika mzigo mtu asiyestahili kuubeba. Kumwambia mwenye viza ya H-1B awe jasiri ni rahisi kwa mtu asiye na viza. Anayepaswa kuanza ni mwenye mamlaka. Meneja asihudhurie kikao cha kila siku, au akae kimya, kwa kuwa mwongozo wenyewe unasema kikao hicho ni cha watengenezaji. Yale maswali matatu ya jana, leo na vikwazo, ambayo wengi bado wanayakariri kama kiapo, yaliondolewa katika toleo la 2020. Timu inaweza kuanza na lengo la sprinti na kuulizana ni kitu gani kinatishia lengo hilo leo. Hapo inayozungumziwa ni kazi. Mtu hasimami tena kizimbani.

Skramu Masta naye ana nafasi kubwa nje ya vikao. Ongea na mtu pembeni, mmoja mmoja, kwa simu au kwa chai. Kikwazo atakachokutajia, kiandike ubaoni kama kikwazo cha timu bila jina lake. Wa pili na wa tatu wakiona kwamba aliyesema kwanza alisaidiwa na hakuandikwa vibaya katika tathmini yake ya mwaka, watasema wenyewe bila kuombwa.

Kuna uongo mwingine usiohitaji mtu mwoga, nao ni wa neno “imekamilika”. Mtengenezaji anamaanisha msimbo umeandikwa. Mjaribu anamaanisha umepita majaribio. Mteja anamaanisha anaweza kuutumia. Timu isiyo na vigezo vya ukamilifu vilivyoandikwa na kukubaliwa na wote haina uwazi hata kama kila mtu ndani yake ni mkweli. Ningeanza hapa kabla ya jambo lolote lingine la kiufundi: karatasi moja, mistari michache, na hakuna kazi inayohesabiwa mpaka itimize mistari yote.

Mapitio ya sprinti nayo huharibiwa kirahisi kwa kugeuzwa maonyesho ya slaidi. Tuseme timu iko Ulaya na inatengeneza programu ya kutuma fedha Afrika Mashariki. Ofisini kila kitu kinafanya kazi: mtumaji anaandika jina, anaandika namba ya simu, anabonyeza. Mlete mtu halisi anayetuma fedha nyumbani kila mwezi. Ataandika “Mama Asha”, kwa sababu hivyo ndivyo anavyomwita dada yake, na laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mume wa dada huyo. Mfumo unakataa, au mbaya zaidi, unashikilia fedha. Ugunduzi huo ungepatikana katika sprinti ya pili kwa kumwalika mtumiaji mmoja kwa nusu saa. Usipopatikana huko utapatikana kwenye malalamiko ya wateja, wakati kuna mgonjwa hospitalini anayesubiri fedha hizo.

Kuhusu pointi za kukadiria kazi nitasema machache. Hazimo katika mwongozo wa Skramu. Timu ikiziona zinasaidia, izitumie kwa mazungumzo yake ya ndani. Siku uongozi utakapoanza kuzilinganisha kati ya timu na timu, makadirio yataongezwa ili timu ionekane hodari, na chombo kingine cha kupimia kitakuwa kimeharibika.

Kikao cha kujitathmini mwishoni mwa sprinti ndicho hufutwa kwanza watu wakizidiwa na kazi, na ndicho ningekilinda kwa nguvu zote. Kinachokiua ni orodha ndefu za mambo mazuri ambayo hakuna anayeyashughulikia. Chagueni jambo moja. Liingizeni katika kazi za sprinti inayofuata, liwe na mtu anayelifuatilia, na kikao kijacho kianze kwa kuuliza limefika wapi. Timu iliyoona lalamiko lake moja likigeuka kuwa badiliko halisi huleta la pili.

Kwa ndugu au dada anayeingia wiki ijayo katika timu mpya akiwa na cheti chake: usibadilishe kitu katika sprinti ya kwanza. Kaa, sikiliza, na angalia jambo moja tu, nini hutokea mtu anaposema hajamaliza. Angalia nani anamtazama nani, nani anajibu kwanza, na kama jibu hilo ni swali la kusaidia au la kuhukumu. Kama sprinti nzima imepita na hakuna hata mmoja aliyesema hivyo, mtafute meneja mzungumze faraghani kabla hujagusa ubao, kalenda wala programu ya kufuatilia kazi.