Mwanasesere wa Leba Si wa Kuchezea



Baadhi yenu mnaosindikiza wajawazito hospitalini mmeuliza: kwa nini wauguzi wanamzunguka mwanasesere huku watu wanangoja? Yafaa tuwaeleze.

Mtoto akizaliwa bila kupumua, mkunga ana dakika moja tu. Humkausha, humfunika apate joto na kumsugua mgongo. Mtoto akizidi kunyamaza, humpulizia hewa kwa mfuko wa mkono wenye kifuniko kinachokaa puani na mdomoni. Kifuniko kikikaa upande, hewa haiingii. Kwa mwanasesere tunaliona hilo mara moja: kifua hakipandi. Tunarudia mpaka kipande, wala hakuna mtoto aliyeumia.

Mafunzo haya yalianza kujaribiwa hapa Tanzania mwaka 2009 katika hospitali 8. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lakini katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilionekana kwamba semina ya siku moja haitoshi. Vifo vilipungua wakunga walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara, pale pale leba. Mikono isiyozoezwa husahau upesi.

Basi, mkituona na mwanasesere, mtuvumilie dakika hizo chache. Nanyi mama akianza uchungu msikawie nyumbani. Mtoto akizaliwa njiani, mikono iliyozoezwa haitamfikia kwa dakika moja.