Malengo ya mwalimu wa Kiingereza: safari hii naandika ya kweli

Leo naomba tuweke siasa pembeni niongelee kazi yangu. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza sekondari, shule ya kata huku mkoani, na nina miaka kumi na sita kwenye chaki. Juzi nilikuwa najaza malengo yangu kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma uliochukua nafasi ya OPRAS. Walimu wenzangu mnajua tunavyofanya. Unaandika "kufundisha kwa ufanisi" na "kuongeza ufaulu", unatuma, mambo yanaisha. Safari hii mkono uligoma.

Sababu ni binti mmoja wa Kidato cha Pili. Kwenye mtihani wa muhula, swali la Baiolojia la jinsi malaria inavyoenea aliliacha tupu. Mwalimu wake akamwita ofisini, ambako mlangoni kuna kibao cha "No English, No Service". Binti akasimama kimya, macho chini. Mwenzangu akachoka, akamwambia haya, sema kwa Kiswahili. Jamani! Binti akaeleza kwamba mbu jike wa Anopheles anamuuma mtu mwenye vimelea, vimelea vinakua ndani ya mbu mpaka vinafika kwenye tezi za mate, kisha akimuuma mtu mwingine anamwachia. Hakukosea hata kidogo. Mwenzangu akanigeukia: "Mwalimu, hili tatizo ni lako, si langu."

Nilicheka, ila liliniingia. Nikatafuta daftari lake la insha. Chini ya ukurasa kulikuwa na mwandiko wangu kwa wino mwekundu: "Poor. Pull up your socks." Basi. Sikumwambia kakosea wapi wala afanye nini.

Kwa wasiojua hali yetu, mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma masomo kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo tu. Akifika Kidato cha Kwanza, karibu masomo yote yanageuka Kiingereza. Kwa hiyo mimi nikizembea, simwangushi kwenye somo langu peke yake. Namwangusha mpaka kwenye Baiolojia na Jiografia. Najua wapo watakaosema dawa ni kufundisha kwa Kiswahili mpaka chuo kikuu. Huo mjadala ni wa miaka mingi na una hoja nzito, ila kesho saa moja na nusu asubuhi watoto watakuwa wamekaa wananisubiri. Malengo yangu basi ni haya.

Kwanza, nijifunze makosa ya wanafunzi wangu. Nimenunua daftari la kuyaandika, na nimegundua mengi si uzembe, yana mantiki. Mtoto anaandika "I have gone to the market yesterday" kwa sababu mtaani tunasema "jana nimeenda sokoni". Anachanganya "he" na "she" kwa sababu kwetu "anakuja" ni mwanamume au mwanamke, sawa tu. Anasema "borrow me your pen" kwa sababu neno "azima" linabeba kuomba na kutoa. Miaka yote nilikuwa nakata mkasi mwekundu bila kumweleza chanzo. Sasa nataka niziweke lugha mbili ubaoni, bega kwa bega, Kiswahili kiwe daraja na si kosa la kuadhibiwa.

Pili, Kiingereza changu mwenyewe. Ngoja niseme ukweli hata kama inauma. Nimesoma kwa njia ileile ya kukariri. Kwa miaka mingi nilifundisha The Lion and the Jewel na Passed Like a Shadow mpaka najua mwanafunzi atatoa mfano gani kabla hajafungua mdomo, lakini kitabu nje ya orodha ya mtihani sikumbuki nilisoma lini. Lengo ni kitabu kimoja kila mwezi. Pia nimeanza kujirekodi kwa simu nikifundisha. Mara ya kwanza niliona aibu: kipindi cha dakika 40, karibu chote ninaongea mimi, wao wanaitikia "yes teacher" kwa pamoja. Lugha gani inajifunzwa kwa kuitikia?

Tatu, kusahihisha. Nina mikondo mitatu, jumla wanafunzi 190 hivi. Insha moja kwa dakika tatu ni saa tisa na nusu, na hapo bado hujala. Ndiyo maana tunaishia kuandika "Poor". Mpango wangu ni kuchagua kosa la aina moja kwa kila insha, kulisahihisha hilo tu, kuandika sentensi moja ya nini kifanyike, na mtoto aandike upya.

Nne, kufungua mlango wa darasa. Tuna MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu tunakaa kwenye jumuiya za kujifunza hapo hapo shuleni. Wazo zuri, ila kwetu mara nyingi tulisaini mahudhurio tukaondoka. Nimemwomba yule mwalimu wa Baiolojia aje akae nyuma ya darasa langu, nami niende lake. Kabla hajaanza mada mpya, ananipa maneno yake magumu, nayafundisha wiki moja mbele.

Tano, shule. Nilikuwa napanga Masters ya uongozi wa elimu, na sababu ilikuwa moja tu: nitoke darasani. Kibongobongo mwalimu anahesabiwa kaendelea siku anapoacha kufundisha. Sasa natafuta kozi ya ufundishaji wa lugha, pengine Chuo Kikuu Huria, maana pale unaweza kusoma ukiwa kazini. Mke wangu ameshauliza mshahara utapanda kiasi gani. Sikuwa na jibu zuri.

Msidhani mambo yamenyooka. Kibao bado kiko mlangoni, mkuu wa shule anasema tusubiri kikao. Yule binti wiki iliyopita aliandika sentensi nne kuhusu malaria. Moja ilisema "The female mosquito bite a person." Nikapigia mstari "bite", nikaandika: mbu ni mmoja, ongeza s. Jioni akaniletea daftari, ameiandika upya, na chini yake ameongeza sentensi ya tano ambayo sikumwagiza.

Hiyo ya tano ina makosa mawili. Nitaanza na moja.

Walimu wenzangu, ninyi mmejaza nini kwenye malengo yenu? Na mliokuwa wanafunzi, mwalimu gani aliwafanya mfungue mdomo, na alifanyaje? Nataka kujifunza.