Jina Lililokatwa Mkia

Msimu uliopita nilimsindikiza rafiki yangu mmoja Muleba kwenda kutazama orodha ya malipo ya kahawa. Yeye ni Msukuma aliyehamia huko, na jina la baba yake ni Ng'wanamalundi. Kwenye orodha iliyochapwa na kompyuta tulikuta Ng’wanamalun. Karani akatazama kitambulisho, akatikisa kichwa: majina hayalingani, hakuna malipo. Sisi wa akina Rweyemamu na Kokushubira hatuna ritifaa katika majina yetu, ndiyo maana tatizo hili hatukuwahi kuliona.

Niliporudi Bukoba nilimwendea kijana mmoja mtunga programu, anieleze.

Kompyuta, alisema, haijui herufi, inajua namba. Zamani kila herufi ilipewa baiti moja, na baiti moja ina nafasi 256 tu. Mwaka 1991 likatoka toleo la kwanza la Unicode, daftari moja la kuzipa namba herufi za dunia nzima: za Kiarabu, ambazo wazee wa pwani waliziandikia Kiswahili, za Kichina, hata ĩ na ũ za Wakikuyu. Wataalamu walidhani biti 16, yaani nafasi 65,536, zingetosha. Lugha ya Java ikajengwa juu ya dhana hiyo, na aina yake ya data iitwayo char ina biti 16 mpaka leo. Lakini mwaka 1996 daftari likapanuliwa hadi nafasi 1,114,112! Basi ziko herufi zinazokalia char mbili, na anayehesabu char akidhani anahesabu herufi anajidanganya.

Njia nyingine ni UTF-8, waliyoibuni Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Humo kila herufi huchukua baiti kulingana na haja yake, kuanzia moja hadi nne. Herufi a huchukua moja, ũ mbili. Ritifaa iliyonyooka huchukua moja. Ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia barua hupenda kuiweka zenyewe bila kuulizwa, huchukua tatu.

Sasa hesabu nami. Ng’wanamalundi ina alama 14. Aliyetunga programu ile alitenga baiti 14. Ritifaa iliyopinda ikala tatu peke yake, na herufi mbili za mwisho zikakosa mahali.

Nikamuuliza kijana, yeye angefanyaje? Angehifadhi majina kwa UTF-8, katika aina ya data ya maandishi inayopimwa kwa herufi, wala si kwa baiti, kwa sababu hifadhidata nyingine hupima hivi na nyingine vile. Nafasi angeiacha kubwa. Na kabla ya kulinganisha majina mawili angezigeuza ritifaa zote ziwe za namna moja, maana kwa kompyuta iliyonyooka na iliyopinda ni alama mbili tofauti kabisa.

Rafiki yangu alilipwa baada ya siku nne. Mhasibu aliongeza "di" kwa kalamu, akagonga muhuri. Programu haijaguswa.