Je, Wajua Kwa Nini Chenso Inakubali Sailensi, Inakataa Resi?

Ukiingia kwenye mipaini ya Sao Hill, wilayani Mufindi, mlio wa chenso utakufikia kabla hujamwona mkataji. Ikiwa nzima, mkono ukibana triga injini inaitika papo hapo na mlio unapanda bila kusita. Lakini kuna ugonjwa ambao wakataji wanaujua sana: chenso inawaka, inatulia sailensi vizuri, ila ukipiga resi inakohoa, inapoteza nguvu, inazima. Ukiiwasha tena inakubali. Ukibana triga, inagoma.

Wengi hukimbilia bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu za kabureta. Nasema hapana, bisibisi ije mwisho. Injini inayokaa sailensi imeshakueleza mengi: plagi inatoa cheche, silinda bado inabana, petroli inafika japo kidogo. Kinachokosekana ni kile inachohitaji inapodaiwa nguvu, yaani hewa zaidi, petroli zaidi, na njia iliyo wazi ya kutolea moshi.

Kwanza kabisa, tazama breki ya mnyororo. Klachi ya chenso haishiki injini inapozunguka taratibu. Hushika pale tu mizunguko inapopanda. Kwa hiyo breki ikiwa imefungwa, sailensi inakuwa safi kabisa, kisha ukipiga resi klachi inashika ngoma iliyozuiwa na injini inakabwa. Utasikia harufu ya kuungua. Vuta ile kinga ya mbele kuelekea kwenye mpini, halafu jaribu upya. Kuna chenso zinazopelekwa kwa fundi kwa sababu hii tu.

Breki ikiwa haina kosa, zima injini, iache ipoe, chomoa waya wa plagi, kisha fungua chujio la hewa. Vumbi laini la mbao likichanganyika na oili hufanya utando unaoziba kabisa. Hewa ndogo ya sailensi bado itapenya, ila ile ya resi haitapita. Hamia kwenye ekzosi. Nyingi zina wavu mdogo wa waya unaozuia cheche zisirukie majani makavu, na wavu huo huziba kwa masizi, hasa pale oili inapozidishwa kwenye petroli au injini inapoachwa sailensi muda mrefu. Usugue kwa brashi ya waya na uurudishe. Wanaoutupa moja kwa moja wanafanya kosa kubwa, kwa maana cheche moja kwenye shamba la mipaini wakati wa kiangazi inatosha kuteketeza miti iliyopandwa miaka mingi.

Sasa tuje kwenye kabureta, maana hapo ndipo penye ufundi wa kweli. Andreas Stihl wa Ujerumani alipotoa chenso yake ya petroli mwaka 1929, ilikuwa mzigo wa watu wawili. Kwa miaka mingi chenso zilitumia kabureta yenye boya, kama ya pikipiki, ambayo inataka injini isimame wima. Leo mkataji anaulaza msumeno ubavu, anauinua, hata anaupindua, na injini haijali. Siri yake ni diaframu, kipande chembamba cha mpira kilichofichwa ndani ya kabureta.

Ziko mbili. Ya kwanza ni pampu. Pistoni ikipanda na kushuka, shinikizo ndani ya nyumba ya krenki hubadilika, na tundu dogo hulipeleka badiliko hilo hadi kwenye mpira huo, ambao hucheza na kuvuta petroli kutoka tangini. Injini ikizunguka mara 12,000 kwa dakika, mpira unacheza mara 200 kila sekunde. Ya pili ni mpimaji. Injini ikinyonya petroli, diaframu hii inavutwa ndani, inasukuma kijiko kidogo cha chuma, sindano inafunguka na petroli nyingine inaingia.

Mpira huo ukizeeka, au ukikaa kwenye petroli iliyochacha, unakauka. Utoe uukunje kidogo kwa vidole: mzima unalegea kimyakimya, uliokufa unakwaruza kama nailoni ya pakiti ya biskuti. Uliokauka bado una uwezo wa kuifungua sindano kidogo, kiasi cha kulisha sailensi. Resi inataka sindano ifunguke zaidi, na hapo unashindwa. Isitoshe, petroli ya resi hupita njia yake yenyewe: sailensi inalishwa na matundu madogo kando ya kile kijibati cha kufungulia hewa, wakati resi inategemea tundu kubwa la katikati. Hilo la katikati linaweza kuziba kabisa na usijue lolote hadi ubane triga.

Kabla ya kufungua kabureta, lakini, vuta chujio la petroli lililo kwenye ncha ya bomba la mpira ndani ya tangi. Petroli inayouzwa kwenye chupa kando ya barabara huja na mchanga na maji. Angalia pia kama tangi linapumua: kama injini huzima baada ya muda, na ukilegeza mfuniko injini ikiwa imepoa unasikia hewa ikinyonywa ndani, kitundu cha kupumulia kimeziba.

Kuna jaribio moja linalotenganisha njaa na kukabwa. Chenso ikisitasita, vuta choki kidogo. Ikipata nafuu, ina njaa ya petroli, au inavuta hewa mahali isipotakiwa. Ikizidi kuzimika, inakosa hewa au moshi hautoki.

Njaa ndiyo ninayoiogopa zaidi. Injini ya chenso haina oili yake pembeni. Oili huja ndani ya petroli, mililita 20 kwa lita pale mtengenezaji anapotaka moja kwa hamsini. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, na kuilazimisha chenso ikate hivyohivyo ni kuikwaruza pistoni. Gharama ya diaframu mpya haikaribii hata kidogo gharama ya silinda na pistoni.

Skrubu yenye alama H, ile ya petroli ya resi, iguswe baada ya yote haya, na kwa kipimo cha kitabu cha chenso hiyo. Nyanda za juu nazo zina neno lao: hewa ya Mufindi ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo chenso iliyosetiwa Dar es Salaam itakunywa petroli kupita kiasi ikifika huko, itatoa moshi na kuwa nzito kupanda.

Ikishapona, ibane triga hadi mwisho bila kukata kitu, kwa sekunde chache tu. Mlio uwe na mkwaruzo kidogo, kama unagugumia. Ukigusa gogo, mkwaruzo huo ufutike na sauti inyooke. Ikilia nyembamba na kali tangu mwanzo, kabla haijagusa mti, petroli bado ni ndogo. Izime uifungue tena.