Hisa ya Kampuni Ndogo ya Dhahabu: Unanunua Nini Hasa?

Mkoani Simiyu, malipo ya pamba yakishatoka, kila shilingi huwa imeshapangiwa safari. Mmoja ataongeza ng'ombe, mwingine atanunua mabati. Lakini wapo pia, na wanazidi kuongezeka, wanaotaka kuipeleka kwenye dhahabu. Huyu anachangia duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, wilayani Bariadi ili alipwe mifuko ya mawe. Yule, kwa kuwa ana ndugu Ughaibuni au dalali wa hisa Dar es Salaam, anauliza kuhusu kampuni ndogo za kigeni zinazochoronga kuzunguka Ziwa Victoria. Swali lao huwa lile lile: hisa ni ya bei rahisi, dhahabu inapanda, kwa nini tusinunue?

Nalichukulia swali hilo kwa uzito, kwa sababu fedha inayozungumziwa ni jasho la mwaka mzima. Na jibu lake linaanzia mahali ambapo wanunuzi wengi hawaangalii. Kampuni ndogo ya utafutaji wa madini haina dhahabu ya kuuza. Ina leseni, ina mashine ya kuchoronga iliyokodiwa, ina wataalamu wachache, na ina akaunti ya benki inayopungua kila mwezi. Haipati mapato. Fedha yake ya mwakani kwa kawaida itatoka mahali pamoja tu: kuuza hisa mpya. Kwa hiyo anayenunua hisa yake ananunua muda, yaani miezi ambayo kampuni inaweza kuendelea kutafuta kabla ya kurudi sokoni na bakuli mkononi.

Tufanye hesabu. Kampuni ina hisa milioni 100, na wewe umenunua laki moja. Umiliki wako ni asilimia 0.1. Mwaka unaofuata inauza hisa mpya milioni 50 ili ilipie uchorongaji. Hisa zako bado ni laki moja, hakuna aliyeziiba, lakini sasa ni chini ya asilimia 0.07 ya kampuni. Awamu mbili tatu zikipita, hisa zimefika milioni 400, na umiliki wako ni asilimia 0.025. Ili kila hisa yako isimamie dhahabu ile ile uliyoanza nayo, kampuni inapaswa iwe imeongeza mashapo yake mara nne. Bei ya dhahabu duniani inaweza kupanda katika kipindi chote hicho na wewe ukabaki na hasara.

Huu si mfano wa darasani. Kampuni ya Tanzanian Royalty Exploration, iliyoorodheshwa Toronto na New York, iliongozwa kwa miaka mingi na James Sinclair, mfanyabiashara wa Marekani aliyekuwa na wafuasi wengi miongoni mwa wawekezaji binafsi kwa sababu ya utabiri wake kuhusu bei ya dhahabu. Mwaka 2011 iliingia ubia na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, katika eneo la Buckreef mkoani Geita: kampuni asilimia 55, STAMICO asilimia 45. Wakati huo hisa zake zilikuwa takriban milioni 100. Leo inaitwa TRX Gold, inazalisha dhahabu kweli, na hisa zake zimepita milioni 270. Aliyenunua mwaka 2011, dhahabu ilipokuwa inavunja rekodi, aliona bei ya hisa ikishuka hadi chini ya dola moja na kukaa huko miaka mingi, ingawa dhahabu ya Buckreef haikutoweka ardhini. Moja ya yaliyobadilika ni idadi ya hisa zinazoigawana. Na hiyo asilimia 45 ya STAMICO inamaanisha kwamba mwenye hisa akisoma kuwa mgodi una wakia milioni moja, zinazoihusu kampuni yake ni 550,000.

Simlaumu mtu hapo. Mgodi hauchimbwi kwa maneno, na bila kuuza hisa mpya Buckreef isingefika ilipofika. Lakini mwekezaji anayeangalia bei ya dhahabu kila asubuhi bila kuangalia hata mara moja idadi ya hisa zilizotolewa, anafuatilia nusu ya habari, tena nusu isiyomhusu sana.

Kwa watu wa Simiyu, funzo lililo karibu zaidi liko kwenye barabara ya Bariadi kwenda Lamadi. African Eagle Resources, kampuni ya London iliyoorodheshwa kwenye AIM, soko la kampuni ndogo la jiji hilo, ilikuwa na miradi ya dhahabu hapa nchini, ukiwamo Miyabi, na ya shaba huko Mkushi, Zambia. Mwishoni mwa miaka ya 2000 ikakuta nikeli Dutwa, kwenye barabara hiyo, katika vilima vya Wamangola na Ngasamo. Mashapo yalikuwa makubwa, mamilioni ya tani ya mwamba uliooza kwa hali ya hewa, karibu na uso wa ardhi, wenye nikeli isiyofika asilimia moja. Kampuni ikaweka miradi yake mingine pembeni na kuelekeza nguvu yote hapo. Wawekezaji wadogo wa Uingereza, watu wenye akiba za mishahara na pensheni, wakanunua.

Nikeli ipo Dutwa, na hilo halijawahi kuwa na ubishi. Ugumu ulikuwa katika gharama ya kuitoa. Nikeli ya aina ile haiyeyushwi kirahisi. Mpango ulikuwa kuichenjua kwa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo inahitaji kiwanda chake, umeme, maji na usafiri. Huo ni mtaji wa mamia ya mamilioni ya dola, nao ulitafutwa na kampuni ambayo thamani yake yote sokoni ilikuwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Halafu bei ikageuka. Nikeli iliyokuwa imepita dola 50,000 kwa tani mwaka 2007, na kuzidi 25,000 mwanzoni mwa 2011, ilikuwa chini ya 15,000 katikati ya 2013. Fedha zikakauka, mradi ukaenda mikononi mwa wengine, na walioshika hisa wakapoteza karibu kila kitu. Zaidi ya miaka 10 baadaye, vilima bado vimesimama na nikeli bado imo ndani yake.

Nimelikalia jambo la Dutwa kwa sababu linavunja imani moja inayotajirisha wachache na kuwaumiza wengi: kwamba madini yakiwapo, fedha itakuja. Madini kuwapo ni sharti la kwanza tu. Yanafuata kiwango cha madini kwenye mwamba, namna yanavyochenjuliwa, umbali wa umeme na maji, kodi na mrabaha, na mtu wa kuleta mtaji wa ujenzi. Kampuni ndogo huwa na jibu la sharti la kwanza na hutangaza kana kwamba ina majibu ya yote.

Matangazo yenyewe yana lugha yake. Utasoma: mita 4 zenye gramu 12 kwa tani, kutoka kina cha mita 87. Ni shimo moja. Mshipa wa dhahabu unaweza kuwa mnono hapo na kuwa mtupu mita 20 pembeni. Uliza mashimo mangapi yalichorongwa na mangapi yametangazwa. Uliza kama hizo mita 4 ni unene halisi wa mshipa, maana shimo lililokata mshipa kwa mshazari huonyesha urefu mkubwa kuliko unene wake. Mashimo yakitosha ndipo huja makadirio ya mashapo, nayo yana ngazi. Ngazi ya chini ni yale yaliyokisiwa, ambayo mtaalamu anaamini yapo lakini ushahidi ni haba. Juu yake yapo yaliyodhihirika, kisha yaliyopimwa. Akiba ya uchimbaji ni kitu kingine kabisa: ni ile sehemu ambayo utafiti wa kiuchumi umeonyesha inaweza kuchimbwa kwa faida.

Anayekuuzia hisa hupenda kuchukua ngazi ya chini kabisa na kuizidisha kwa bei ya leo. Tani milioni 2 za mwamba zenye gramu 2 kwa tani ni gramu milioni 4, yaani tani 4 za dhahabu, au wakia zipatazo 128,600. Tuseme bei ni dola 3,000 kwa wakia: hizo ni dola zaidi ya milioni 385. Na kampuni yenyewe, tuseme, inauzwa kwa dola milioni 15! Inasikika kama zawadi. Lakini wakia iliyo ardhini, ambayo haijathibitishwa, isiyo na mgodi juu yake, sokoni hununuliwa kwa makumi ya dola, kwa sababu kila aliyewahi kujenga mgodi anajua gharama iliyoko kati ya shimo la kuchoronga na mche wa dhahabu.

Kanuni zinazolazimisha makadirio hayo yatiwe saini na mtaalamu anayewajibika zilikazwa baada ya aibu. Mwaka 1997 kampuni ya Kanada, Bre-X, iliyokuwa imefikia thamani ya zaidi ya dola bilioni 6 za nchi hiyo, ilianguka baada ya kugundulika kwamba sampuli zake za Busang, Indonesia, zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka kwingine. Kanada ikatoka na kanuni kali zaidi mwaka 2001, na Australia ilikuwa na zake tangu 1989. Kwa hiyo kampuni isiyotaja jina la mtaalamu aliyesaini makadirio, wala kanuni aliyoifuata, usiipe muda wako.

Wapo waliofaidika, na ni haki niseme. Shanta Gold ilipata dhahabu yake ya kwanza New Luika, huko Songwe, mwaka 2012, ikabeba madeni mazito, hisa zake zikashuka, na ilipouzwa kwa ETC Holdings mwaka 2024 wenye hisa walilipwa peni 14.85 kwa kila hisa. Walionunua chini ya peni 10 mwaka 2018 au 2019 walipata faida nzuri. Tofauti yao na wenye hisa za Dutwa ni kwamba walinunua kampuni ambayo tayari ilikuwa inauza dhahabu, wakati watu walikuwa wameichoka.

Sasa turudi Bariadi, kwenye duara. Mchango wa mafuta ya jenereta, matimba, chakula na baruti, kwa malipo ya mifuko ya mawe, ni hisa kamili ingawa haina karatasi. Hesabu ni zile zile. Fedha ikiisha kabla ya kufika kwenye mwamba wenye dhahabu, mwenye duara ataita wachangiaji wapya, na mifuko uliyoahidiwa itagawanywa upya. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye shamba lake, wanaapolo (wachimbaji wa shimoni) lao, karasha na uchenjuaji vina gharama yao, Serikali ina mrabaha wake. Anayekwambia utapata "robo" bila kusema robo ya kilichobaki baada ya nani, hajakwambia kitu. Muulize pia marudio ni ya nani, maana mara nyingi dhahabu iliyobaki kwenye mchanga uliokwisha kuoshwa ndiyo inayomnufaisha mwingine.

Na kuna hesabu nyingine ambayo hailingani na yoyote niliyotaja. Tarehe 13 Januari 2024, udongo uliporomoka kwenye machimbo ya Ng'alita, wilayani Bariadi, na kuua watu wasiopungua 21, wengi wao vijana. Mtu anayetoa fedha ili duara lichimbwe ni mshiriki wa namna linavyochimbwa. Kama matimba hayatoshi, kama mvua imenyesha na bado watu wanashushwa, kama eneo limezuiwa na bado linafanyiwa kazi, fedha yako iko humo pamoja nao. Sioni kwa nini mwekezaji aulize gramu kwa tani kabla hajauliza hilo.

Njia za kuhakiki zipo, na hazina gharama kubwa. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Mtanzania, hudumu miaka 7, na ina nambari. Leseni ya utafutaji ya kampuni huanza kwa miaka 4 na ina ukomo wa kuhuishwa, hivyo tarehe yake inakwambia saa inavyokwenda. Tume ya Madini inazo kumbukumbu zote mbili. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, inajua nani anamiliki kampuni iliyosajiliwa nchini. Anayekusanya fedha za umma kwa kuuza hisa hapa nchini lazima awe ameidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na waraka wa matarajio uwepo mezani. Kwa kampuni ya nje, fungua taarifa ya mwisho ya fedha na utafute mambo mawili: fedha taslimu iliyobaki na matumizi ya mwezi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Jibu likiwa miezi 6, basi ndani ya miezi 6 utauziwa hisa nyingine, au wataunganisha za zamani, au watafunga.

Ndugu msomaji wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega: fedha ya ada ya mtoto na ya mbegu za msimu ujao isiingie kwenye hisa ya kampuni inayotafuta dhahabu wala kwenye duara. Ukiwa na ziada ambayo ikipotea nyumba haitayumba, nenda kwanza kwa Afisa Madini Mkazi ukiwa na nambari ya leseni mkononi. Aliyekuomba fedha akikataa kukupa nambari hiyo, mpango umeishia hapo.