BERLIN: MJI WA MBALI WENYE HABARI ZETU



Kila likizo ya kiangazi inapokaribia, baadhi ya wazazi hunijia baada ya sala ya Ijumaa wakaniuliza ni mji gani wa Ulaya unaofaa kuwapeleka watoto, wakapata kujifunza huku wakifurahi. Aghalabu wao wenyewe wamekwisha kuazimia kwenda Paris. Mimi huwajibu: nendeni Berlin. Hunitazama kwa mshangao, kwani jina la mji huo kwao ni vita na ukuta tu. Kiangazi kilichopita nilikwenda huko pamoja na mke wangu na wajukuu wetu wawili, tukakaa siku sita, na haya ndiyo niliyoona yafaa kuwasimulia.

Berlin si mji mkongwe kama Roma au Istanbul. Ulikuwa makao ya wafalme wa Prussia, na mwaka 1871 ukawa mji mkuu wa dola mpya ya Ujerumani. Miaka 13 baadaye, tarehe 15 Novemba 1884, wajumbe wa madola walikutana nyumbani kwa Bismarck, mtaa wa Wilhelmstraße, wakajadili hadi Februari 1885 kanuni za kujitwalia nchi za Afrika. Hakuwapo Mwafrika hata mmoja. Nyumba hiyo haipo tena. Baada ya Vita Vikuu vya Pili mji uligawanywa, na tarehe 13 Agosti 1961 ukaanza kujengwa ule ukuta uliosimama mpaka 9 Novemba 1989. Kipande chake kimehifadhiwa katika mtaa wa Bernauer Straße, na kukitazama ni bure. Mjukuu wangu mdogo aliuliza, "Babu, kwa nini hawakuleta ngazi?" Nikamwambia kuwa wapo waliojaribu, na waliokuwa juu ya minara walikuwa na bunduki.

Pahala ambapo tulikawia zaidi ni Museum für Naturkunde, makumbusho ya maumbile yaliyoko Invalidenstraße. Ukiingia ukumbi wa kwanza, shingo inakulazimu kuelekea juu: umesimama mbele ya mifupa ya mjusi wa kale mwenye kimo cha mita 13.27. Huyu ndiye mjusi wa Tendaguru, kutoka bara ya Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mamia ya watu wa nchi ile, ambayo ilikuwa imetoka tu katika Vita vya Maji Maji na njaa iliyovifuata, walichimba mifupa hiyo na kuibeba kwa miguu mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa merikebuni. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 wataalamu walimpa mjusi mwingine wa Tendaguru jina linalotokana na lake, Australodocus bohetii. Mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka kumi na miwili, alisimama kitambo kisha akauliza, "Kama ni wetu, kwa nini tumelipa kiingilio?" Nimefundisha miaka mingi, na swali lile sikuwa na jibu lake la haraka. Huko nyumbani wapo wanaotaka mjusi huyu arejeshwe, na wapo wanaosema abaki alipo. Waacheni watoto wajadiliane wenyewe. Sisi tulijadiliana njia nzima.

Siku ya pili yake tulipanda treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha Afrikanische Straße, mtaa wa Wedding. Humo utakuta vibao vya njia vyenye majina ya Sansibarstraße, Tangastraße na Usambarastraße. Majina haya ni masalia ya zama za ukoloni. Njia iliyokuwa ikiitwa Petersallee, jina lililotolewa kwa kumtukuza Carl Peters, iligawanywa mwezi Agosti 2024, na sehemu yake moja sasa ni Maji-Maji-Allee. Hapo jirani pana bustani kubwa ya Rehberge, yenye miti, majani na nafasi ya kutandika mkeka. Mke wangu alikuwa amefungasha sambusa. Tiergarten, iliyo katikati ya mji, ni maarufu zaidi. Zamani ilikuwa msitu wa mawindo ya wafalme, na baada ya vita raia waliikata miti yake kwa kuni wakapanda viazi. Hata hivyo mimi naipenda Rehberge kwa utulivu wake.

Kisha nendeni Brunnenstraße namba 193. Tazameni chini: kati ya mawe ya njia kuna kijiwe kidogo cha shaba chenye jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed, akachukuliwa uaskari wa Wajerumani angali mtoto. Alikuja Berlin mwaka 1929, akawa mhudumu wa mezani, akaigiza katika sinema, na akawafundisha Wajerumani Kiswahili. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, na tarehe 24 Novemba 1944 akafa katika kambi ya Sachsenhausen. Tulimsomea Fatiha pale pale kando ya njia. Wapita njia walitupisha.

Ama kuhusu ununuzi, Kaufhaus des Westens, duka lililofunguliwa mwaka 1907, ni la kutazama zaidi kuliko kununua, isipokuwa kwa wenye mifuko mizito. Sisi tulikwenda soko la Waturuki la Maybachufer, kando ya mfereji, siku ya Ijumaa. Huwapo Jumanne pia. Matunda, zeituni na vitambaa vya mita vimejaa tele, na saa ya kufunga inapokaribia bei hushuka. Jumapili karibu maduka yote hufungwa. Nyama halali haina taabu, ila ulizeni. Kwa sala, msikiti wa Şehitlik wenye minara miwili uko Columbiadamm, karibu na makaburi ya Waislamu ya tangu mwaka 1866. Ng'ambo yake ni uwanja wa ndege wa zamani wa Tempelhof, uliofungwa mwaka 2008 na kufanywa bustani mwaka 2010. Watoto hurusha tiara kwenye njia zilizokuwa za ndege.

Nasaha moja ya mwisho inanihusu mimi. Tiketi ya treni haitoshi kununuliwa. Ni lazima ipigwe muhuri katika mashine ndogo kabla ya kupanda. Maelekezo yameandikwa, wala sikuyasoma. Mkaguzi, aliyevaa nguo za kiraia, alinitoza euro 60 mbele ya wajukuu, mimi niliyewaadhibu wanafunzi wangapi kwa kosa hilo hilo. Mke wangu hakusema neno. Alipofika sokoni alinunua kitambaa cha euro 60.