Mzazi, mwamuzi naye ni mtoto wa mtu

Nchini Kanada, hoki ya barafuni ni mchezo wa familia nzima. Baba humfunga mtoto kamba za viatu, mama huketi jukwaani na kikombe cha kahawa. Lakini filimbi ikilia, matusi humwagika. Anayetukanwa mara nyingi ni kijana wa shule, pengine wa miaka 14 au 15, anayejifunza kazi. Wengi huacha mapema. Wazoefu hupungua, makosa huongezeka, na kelele huzidi.

Ndiyo maana baadhi ya majimbo huwafunga waamuzi walio chini ya miaka 18 kitambaa cha kijani mkononi, ili wazazi wakumbuke: huyu ni mtoto. Wako pia anakusikia. Kesho huenda filimbi ikawa mdomoni mwake.